Saa za Mzee: mwongozo kwa familia za Tabora zinazotafuta mikono zaidi ya kumhudumia mzee mwenye ulemavu nyumbani

Tabora hakuna ofisi unayokwenda kuomba uongezewe saa za mtu wa kumhudumia mzee wako nyumbani. Wenzetu wengine wanayo. Jimbo la California, Marekani, lina mpango wa serikali ambao mkaguzi hufika nyumbani, anahesabu kazi moja moja, kuoga muda gani, kula muda gani, kisha anaandika saa. Mwenye hali ngumu kabisa anaweza kupewa hadi saa 283 kwa mwezi, na anayelipwa kuzifanya mara nyingi ni ndugu yake mwenyewe.

Kwetu saa hizo zimetawanyika. Mwanao anazo mbili, shangazi anazo nne za Jumamosi, jirani anayo moja ya jioni, jumuiya ya kanisani au wenzake wa msikitini wanazo wasizozitumia. Hakuna anayezikusanya. Matokeo yake mtu mmoja, kwa kawaida binti au mke wa mtoto wa kiume, anabeba usiku na mchana mpaka mgongo unakataa, na ndugu wengine wanatuma hela ya sukari wakiamini mambo yanakwenda.

Ukimwambia ndugu yako "tusaidieni kwa mama", atatuma elfu kumi kwa simu na moyo wake utatulia. Ukimwambia "Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, nahitaji mtu wa kukaa na mama", itabidi ajibu ndiyo au hapana. Mwongozo wote huu unazunguka hapo: omba saa zenye siku na majira, na uende ukiwa na hesabu mkononi.

Daftari la siku saba

Usiitishe kikao, usiandike barua, usiende ofisi yoyote kabla ya kuandika wiki moja nzima. Daftari la kawaida la mistari linatosha. Kila mnapomfanyia mzee jambo, andikeni saa, kazi, nani kafanya, dakika ngapi, na kama ilihitaji mtu mmoja au wawili. Usiku pia. Usiku ndio unaosahaulika kwenye mazungumzo, na ndio unaomaliza watu.

Chukua mfano wa mama wa miaka sabini na kitu aliyepata kiharusi, upande mmoja umepooza, anaongea vizuri lakini hasimami peke yake. Siku yake ya kawaida inaweza kuwa hivi: kuoga na kuvaa dakika 45. Choo mara sita, kila mara dakika 15, jumla 90. Kulishwa mara tatu kwa nusu saa, 90 nyingine. Dawa na maji 20. Mazoezi ya mkono na mguu 20. Kubadili matandiko na kufua 50. Kumpikia chakula laini 60. Kumgeuza usiku mara tatu, dakika 10 kila mara, 30. Jumlisha: dakika 405, yaani saa sita na dakika 45 kwa siku. Kwa wiki ni saa 47 na robo.

Sasa linganisha na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mfanyakazi mmoja. Kwa hiyo binti anayemhudumia mama huyu peke yake ameshavuka kazi ya kuajiriwa kabla hajapika ugali wa watoto wake, kabla hajaenda shamba. Hesabu hiyo ikisomwa kwenye kikao, hakuna wa kusema "si unakaa tu nyumbani".

Na hapo bado hujahesabu kitu kingine. Kuna saa za mikono, hizo za kunyanyua, kuosha na kulisha, na kuna saa za macho. Za macho ni zile ambazo mzee hahitaji kushikwa lakini haifai aachwe peke yake: anaweza kujaribu kusimama akaanguka, anasahau jiko, anatoka usiku akipotea. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kuwa na saa moja tu ya mikono kwa siku na saa ishirini za macho. Ziandike kwenye safu yake. Ndizo saa rahisi zaidi kuziomba kwa jirani au mjukuu, kwa kuwa hazihitaji nguvu wala hazigusi faragha ya mtu.

Pembeni ya daftari weka alama kila jambo likiharibika: ameanguka, amekula kiporo cha jana kwa kuwa hakukuwa na mtu, amelala kwenye mkojo hadi asubuhi, mlezi ameshindwa kwenda kliniki yake mwenyewe. Usipambe. Tarehe na saa vinatosha.

Muulize mwenyewe

Mzee ana akili zake hata kama miguu imekataa. Muulize anataka nini kifanywe na nani. Hapa mila zina nguvu, na ratiba inayozipuuza huvunjika ndani ya wiki. Baba mkwe wengi hawatakubali kuogeshwa na mke wa mtoto wao, na mke huyo naye anaona ni mwiko. Mzee akilazimishwa, ataoga mara moja kwa wiki na kusema hana uchafu. Mjukuu kwa upande wake ana utani na babu yake, na mambo ambayo mwana hawezi kuyafanya bila aibu, mjukuu wa kiume mwenye umri wa kutosha huyafanya huku wakitupiana maneno. Ila mjukuu asitolewe shuleni. Msichana wa darasa la sita anayebaki nyumbani "kumwangalia bibi" ni tatizo jipya, na afisa ustawi wa jamii akifika atauliza juu yake kabla ya kuuliza juu ya bibi.

Hospitali kwanza, kwa barua

Barua ya daktari inabadilisha mazungumzo kwenye kikao cha ukoo na kwenye ofisi ya kata. Tatizo ni kwamba barua nyingi hutaja ugonjwa tu: "ana shinikizo la damu na kiharusi". Hiyo haimwambii mtu yeyote anahitaji saa ngapi. Ukimpeleka mzee Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete, au hospitali ya wilaya yako, omba kwa heshima barua ieleze anachoweza na asichoweza: hasimami bila kushikwa, hageuki kitandani mwenyewe, anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili, anapaliwa akilishwa haraka, haifai aachwe peke yake. Nenda na daftari. Daktari mwenye foleni ndefu akisoma ukurasa mmoja wenye saa na dakika, anaandika barua nzuri zaidi kuliko akisikiliza simulizi.

Omba pia kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mazoezi ya viungo. Kikao kimoja naye, mlezi akiwa amesimama pale anaangalia, unafundisha kumhamisha mzee kutoka kitandani hadi kitini bila kuumiza mgongo wa mtu, na bila kumvuta kwa mkono uliopooza. Bega la upande wa kiharusi huteguka kirahisi sana kwa kuvutwa, na likishaumia, kila kazi inachukua muda mara mbili.

Kuhusu malipo: sera ya afya ya 2007 inasema wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na hospitali za umma zina dirisha la wazee. Anayethibitisha kwamba hana uwezo ni serikali ya mtaa au kijiji pamoja na ustawi wa jamii, kwa hiyo barua ya mwenyekiti itafutwe kabla ya safari, si baada ya kufika dirishani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, hivyo uliza ofisi ya ustawi utaratibu unaotumika sasa hivi kwenye halmashauri yako kwa wasio na uwezo.

Punguza saa kabla ya kuomba nyongeza

Baadhi ya saa kwenye daftari lako zinaliwa na nyumba yenyewe. Choo cha nje kilicho hatua thelathini kutoka mlangoni, chenye ngazi na tundu la kuchuchumaa, ndicho kinachogeuza dakika tano kuwa kumi na tano, tena cha watu wawili. Fundi seremala yeyote wa Tabora anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati na ndoo chini, kikakaa kando ya kitanda. Mfano wetu wa choo mara sita ukishuka kutoka dakika 15 hadi 7, umeokoa dakika 48 kwa siku, ambazo ni zaidi ya saa tano na nusu kwa wiki. Hakuna ndugu atakayekupa saa tano na nusu kwa gharama ya kiti cha mbao.

Mengine ni madogo: kitanda kiinuliwe kwa matofali kifikie usawa wa paja la mlezi, nguzo au mti wa kushika uchimbiwe kando ya kitanda, shuka la pili likunjwe na kutandikwa katikati ili watu wawili wamvute kwa shuka badala ya kwapa, kengele ya baiskeli au kopo lenye kokoto liwe karibu na mkono wake mzima. Nepi za watu wazima zinapunguza kazi ya usiku lakini ni ghali na zikikaa muda mrefu zinaunguza ngozi, kwa hiyo wengi huziweka kwa ajili ya usiku na safari tu.

Jambo moja lisipunguzwe hata familia ikichoka vipi: kumgeuza asiyejigeuza. Vidonda vya kulalia huanza kwenye mifupa iliyo karibu na ngozi, yaani kiuno nyuma, nyonga, visigino na viwiko. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Tafuta sehemu iliyo ya moto, iliyo ngumu, au yenye rangi tofauti isiyofifia ukiibonyeza. Kidonda kimoja kilichoingia ndani kinataka kusafishwa kila siku kwa miezi, na hizo ni saa nyingi kuliko zote za kugeuza mlizodhani mmeokoa.

Kikao cha familia

Kikao kiitishwe na mtu ambaye kila upande unamsikiliza, baba mdogo au shangazi mkubwa, na asiwe mlezi mwenyewe. Mlezi akiitisha, kikao kinageuka kesi kati yake na ndugu. Mzee awepo. Walio Dar es Salaam, Mwanza au Kahama wapigiwe simu ikiwa kwenye spika, wasihesabiwe kuwa hawapo.

Fungueni kikao kwa kusoma daftari, bila hotuba. Kisha wekeni karatasi kubwa yenye siku saba na vipande vinne kwa siku: alfajiri hadi saa nne, saa nne hadi saa tisa, saa tisa hadi saa tatu usiku, na usiku. Vipande ishirini na nane. Jazeni vile ambavyo mlezi wa sasa anaweza kuvifanya bila kuumia, halafu hesabuni vilivyobaki wazi. Hivyo vilivyobaki ndivyo vinavyogawanywa. Maneno yawe ya namna hii: "Shangazi, Jumatano na Jumapili kipande cha mchana kiko wazi. Kipi unakichukua?" Si "Shangazi, utasaidiaje?"

Wa mbali asiyeweza kutoa saa atoe bei ya saa. Hapa ndugu wengi wanateleza, kwa kuwa hela ikiitwa mchango hupungua kila mwezi. Ikiitwa "vipande vyako vitatu vya wiki, ambavyo tunamlipa mtu avifanye", inakuwa deni lenye umbo. Andikeni majina, na kila mmoja asaini au aweke dole gumba. Mimi ni mtu wa kupenda sahihi. Kuna wanaoona ni kuwatilia ndugu shaka, lakini baada ya miezi mitatu ndio hao hao wanaosema "hatukukubaliana hivyo".

Halafu kuna kalenda ya mkoa huu, ambayo miongozo ya mjini haiijui. Ratiba mliyoipanga Julai, watu wamepumzika na asali na mpunga vimeuzwa, haitafika Desemba. Mvua zikianza Novemba, saa za asubuhi zinahamia shambani. Kwa familia za tumbaku za Urambo, Kaliua na Sikonge ni zaidi ya hapo: kupandikiza miche, kuvuna, kukaa kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kuchochea moto usiku, kuchambua madaraja hadi soko. Mtu anayelinda moto wa bani hana usiku wa kumpa mzee. Kwa hiyo pangeni ratiba mbili, ya kiangazi na ya kilimo, na ya kilimo iwe ndiyo inayoombewa msaada wa nje. Ukoo wenye akiba kwenye chama cha msingi cha ushirika baada ya mauzo utenge mapema fedha ya mtu wa kuajiri kuanzia Novemba hadi Aprili. Na mzee mstaafu, wa reli au ualimu, aulizwe kama yuko tayari pensheni yake inunue baadhi ya vipande. Ni fedha yake. Aamue yeye, na matumizi yaandikwe kwenye daftari lile lile ambalo ndugu wote wanaweza kulifungua.

Kuajiri mtu

Dada au kijana wa kazi anayeletwa "kuangalia nyumba" kisha akakabidhiwa mzee wa kunyanyua ataondoka, na ana haki. Mweleze kazi yote kabla hajapanda basi. Awe mtu mzima; kunyanyua mwili wa mtu mzima si kazi ya mtoto wa miaka kumi na tano.

Sheria ya 2004 inamlinda kama inavyomlinda karani. Saa tisa za kawaida kwa siku, siku sita kwa wiki. Mapumziko ya saa moja akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Saa 24 za kupumzika kila wiki. Likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kazi ya ziada haizidi saa 50 katika wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Kati ya siku na siku anatakiwa apumzike saa 12; anayelala kwa mwajiri zinaweza kushushwa hadi nane kwa makubaliano ya maandishi.

Kuhusu mshahara, amri iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa familia ya kawaida anayelala hapo hapo, na 120,000 kwa anayekuja na kurudi kwake. Viwango hivi hupandishwa, kwa hiyo thibitisha Ofisi ya Kazi kabla ya kuandika mkataba. Na hicho ni kima cha chini cha kazi za nyumbani kwa ujumla. Kwa anayegeuza mgonjwa usiku, mimi ningelipa zaidi, kwa sababu kumpoteza na kuanza kumfundisha mwingine kunakula saa kuliko nyongeza ya elfu ishirini.

Mkirudi kwenye karatasi ya vipande ishirini na nane, mtaona mwajiriwa mmoja, akitumiwa kihalali, hawezi kujaza hata nusu yake. Siku yake ya kupumzika ina jina la ndugu, na usiku una jina la ndugu.

Mtaa, kata na ustawi wa jamii

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 haisemi mzigo ni wa familia peke yake. Inataja mamlaka ya serikali za mitaa, ndugu, vyama vya watu wenye ulemavu na asasi za kiraia kuwa wote wanatakiwa kumsaidia mtu mwenye ulemavu aishi kwa kujitegemea kadiri inavyowezekana, ndani ya jamii yake. Nayo haimruhusu mtu kumlazimisha aishi kwenye makazi maalumu. Kumbuka hili siku ndugu mmoja atakaposema "basi tumpeleke Ipuli". Makazi ya wazee ya Ipuli yapo kwa ajili ya wasio na mtu kabisa. Familia yenye watoto sita haitapokelewa kwa urahisi, na mzee hawezi kusukumwa huko bila hiari yake.

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, au wa kitongoji na kijiji kwa walio nje ya manispaa. Mpelekee barua, usiishie kumweleza njiani. Inaweza kusomeka hivi:

*Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, S.L.P. …, Tabora.*
*YAH: MAOMBI YA KUTEMBELEWA NA KUPATIWA UANGALIZI WA MZEE MWENYE ULEMAVU*
*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa mtaa wako, ninaishi na mama yangu mzazi mwenye miaka 78 ambaye amepooza upande wa kushoto. Kwa daftari la wiki moja lililoambatanishwa, anahitaji kuhudumiwa saa 47 kwa wiki mbali na uangalizi wa usiku. Familia imejigawia vipande 19 kati ya 28. Vipande 9 havina mtu, hasa Jumatatu hadi Ijumaa saa nne hadi saa tisa mchana. Naomba: (1) aandikwe kwenye orodha ya watu wenye ulemavu ya mtaa, (2) mhudumu wa afya ngazi ya jamii amtembelee, (3) barua ya utambulisho kwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Naambatanisha barua ya daktari.*
*Nakala: Mtendaji wa Kata.*

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa ubaki nayo. Muhuri huo ndio utakaokutetea baadaye.

Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri hatakuletea mtu wa kukaa na mama kutwa. Afadhali uingie ofisini kwake ukijua. Anachoweza ni kuja kuona, kuandika taarifa, kusuluhisha na watoto waliomtelekeza mzee, kukuunganisha na wanaotoa viti mwendo, na kuthibitisha msamaha wa matibabu. Usuluhishi wake usiudharau. Kaka aliyepuuza simu za ukoo kwa mwaka mzima huitika haraka wito wenye nembo ya halmashauri, na hapo ndipo vipande viwili vitatu hupatikana.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao serikali ilizindua mpango mpana wa kuwaandaa Januari 2024, hupita kaya kwa kaya. Hawakai. Omba uwekwe kwenye mzunguko wa mhudumu wako kwa siku inayojulikana, na ziara hiyo uitumie kwa kukagua ngozi, kupima presha na kumfundisha mwajiriwa mpya.

TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, inafuata utambuzi wa kaya maskini unaofanywa na jamii yenyewe kwenye mkutano, hivyo hakuna fomu ya kujaza siku unayotaka. Hudhuria mikutano ya mtaa, na jina la kaya ya mzee litajwe na mtu mwingine mbali na wewe. Ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu ni mikopo ya biashara. Anayekushauri uichukue ili umlipe dada wa kazi anakutafutia deni.

Walio jirani

Jumuiya ndogondogo, kikundi cha akina mama wa msikitini, kwaya, kikoba. Hawa huja kumwona mgonjwa kwa wingi Jumapili, wanakaa dakika ishirini, wanaomba dua na kuacha sabuni. Mwombe kiongozi wao abadilishe ziara hiyo moja kwa mwezi iwe watu wawili, siku ya Alhamisi, saa nane hadi saa kumi na moja, mlezi akiwa ametoka. Wengi hukubali kwa furaha. Hakuna aliyewahi kuwaomba. Chagua kipande cha macho, mzee akiwa ameshaoga na kula.

Kwa bibi mwenye ulemavu anayelala peke yake kijijini kuna sababu nzito zaidi. Mkoa huu, pamoja na Shinyanga na Mwanza, umeshuhudia vikongwe wakituhumiwa uchawi na kuuawa, wengine kwa macho mekundu tu yaliyotokana na miaka ya moshi wa kuni. Nyumba inayoingia na kutoka watu kila siku, yenye ratiba inayojulikana kwa mwenyekiti, inampunguzia hatari. Akishatupiwa maneno, usingoje kikao cha ukoo. Nenda kwa mtendaji na polisi siku hiyo hiyo, na usiku asilale peke yake.

Ukikataliwa au ukizungushwa

Baada ya wiki mbili za kimya, rudi na nakala yenye muhuri kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri. Pitia pia baraza la wazee la kata, ambalo lina sauti kwenye vikao kuliko tunavyodhani. Kama kuna mali ya mzee inayoliwa, au watoto wanagombana juu ya nyumba huku yeye hana wa kumlisha, tafuta msaidizi wa kisheria wa wilaya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua rasmi, na huduma yao kwa wasio na uwezo haina malipo. Kila hatua nenda na daftari jipya la siku saba, kwa sababu la zamani litaitwa la zamani.

Mara hali inapobadilika

Saa za mzee hazikai pale pale. Daftari lirudiwe akianguka, akitoka kulazwa, mlezi akipata ujauzito au kuumwa, na kila mwanzo wa Novemba. La kulazwa ndilo lenye nafasi kubwa, kwa kuwa wodini kuna wataalamu wote kwa pamoja. Siku akiambiwa ataruhusiwa, mwambie muuguzi kwamba nyumbani mko watu wangapi na vipande vingapi viko wazi. Omba aliyepangwa zamu ya usiku afundishwe pale pale kumgeuza, kumlisha akiwa ameketi wima na kumwacha hivyo nusu saa baada ya kula, na kusafisha mpira wa mkojo kama anao. Omba karatasi ya ruhusa iandikwe mahitaji hayo. Kama mtu wa usiku hajapatikana bado, sema waziwazi kabla hamjaita bajaji, na uulize kama anaweza kubaki hadi kesho yake ili ndugu apande basi kutoka Nzega.